Baridi yabisi: jeni zinasema nini, na zinanyamazia nini

Mtu akishaambiwa na daktari kwamba maumivu ya vidole vyake ni baridi yabisi, haichukui muda kabla hajauliza kuhusu watoto wake. Na watoto wenyewe, wakimwona mama anahangaika asubuhi kufunga kifungo cha shati, huanza kuvitazama vidole vyao. Je, ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya ukoo? Jibu fupi ni ndiyo, kwa kiasi fulani. Jibu refu ndilo lenye kazi, maana ndani yake mna takwimu ambazo zikisomwa harakaharaka huwatia watu hofu isiyo na msingi, au huwaliwaza bure.

Kwanza tutenganishe magonjwa, kwa sababu viungo huuma kwa mengi. Goti la mzee lililosagika kwa miaka ya kubeba mwili ni habari nyingine, na kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku kwa gauti ni habari nyingine tena. Baridi yabisi ninayoizungumzia hapa ni ile ambayo kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe na kushambulia utando laini unaotanda ndani ya viungo. Kwa kawaida huanzia kwenye viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja. Asubuhi mikono inakuwa migumu, na huchukua saa nzima au zaidi kulegea. Ukiachwa bila tiba, uvimbe huo hula gegedu, kisha mfupa. Katika kila watu wazima 200 duniani, mmoja au wawili wanao, na wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Mapacha wanatuambia nini

Njia ya zamani ya kupima nguvu ya urithi ni kuwatazama mapacha. Wale wa kufanana kabisa, waliotokana na yai moja, wana jeni zilezile. Wale wasiofanana wanashirikiana nusu tu kwa wastani, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Kama ugonjwa ungekuwa wa jeni tupu, basi pacha mmoja wa kufanana akiugua, mwenzake naye angeugua bila shaka.

Haiwi hivyo. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba pacha mmoja wa kufanana akiwa na baridi yabisi, mwenzake anao katika jozi kama 15 tu kwa kila 100. Kwa mapacha wasiofanana ni kama 4 kwa 100. Namba hizi mbili inafaa zisomwe pamoja. Ile tofauti ya 15 na 4 inathibitisha kwamba jeni zina mkono hapa. Lakini zile jozi 85 zilizobaki, ambamo mtu mwenye jeni zilezile, aliyelelewa mara nyingi kwenye nyumba ileile, hana ugonjwa, nazo zinathibitisha kwamba jeni peke yake hazitoshi.

Sasa hapa ndipo panapozuka mkanganyiko unaonikera kuliko wote. Kutokana na takwimu za mapacha, watafiti walikokotoa kwamba urithi unachangia karibu asilimia 60 ya ugonjwa huu. Asilimia hiyo imezunguka sana, na wengi huielewa kwamba mzazi akiugua, mtoto ana nafasi 60 kwa 100 ya kuugua. Hapana kabisa. Asilimia 60 inaeleza jamii nzima: ukichukua tofauti zote zinazowafanya watu wa jamii ile wawe karibu au mbali na ugonjwa, kama tatu ya tano ya tofauti hizo inatokana na tofauti za jeni. Haisemi lolote juu ya Fatuma au Juma. Hata zile jozi 15 kwa 100 za mapacha na asilimia 60 ya urithi zimetoka kwenye takwimu za aina moja, wala hazipingani, kwa sababu zinajibu maswali mawili tofauti.

Swali la Fatuma linajibiwa hivi. Mwenye mzazi, kaka au dada mgonjwa ana hatari kama mara tatu ya mtu wa kawaida. Mara tatu inasikika kubwa. Lakini tukichukua kwamba hatari ya mtu wa kawaida ni 1 kwa 100, mara tatu yake ni 3 kwa 100. Watoto 97 wa wagonjwa kati ya 100 hawataupata ugonjwa huu. Kila unapoona "mara mbili", "mara tano" au "mara ishirini" kwenye habari za afya, uliza kwanza: mara tano ya ngapi?

Kromosomu ya sita

Jeni yenye uzito kuliko zote ilianza kuonekana zamani kidogo. Mwaka 1978 Peter Stastny, daktari aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi wengi zaidi ya ilivyotarajiwa walikuwa na aina moja ya alama ya kinga iitwayo HLA-DR4. Jeni za HLA ziko kwenye kromosomu ya sita, na ndizo zilezile zinazopimwa mtu anapotaka kupandikizwa figo. Shida ilikuwa kwamba si wagonjwa wote waliokuwa na DR4. Wengine walikuwa na DR1, wengine DR10, na katika baadhi ya jamii alama nyingine kabisa.

Fumbo hilo lilipata ufumbuzi mwaka 1987, pale Peter Gregersen na wenzake walipoangalia protini zinazotengenezwa na jeni hizo, na mpangilio wa asidi amino, yaani vijenzi vidogo vinavyounda protini, ndani yake. Waligundua kwamba zile aina zilizoonekana kutofautiana zina kipande kifupi kinachofanana, asidi amino tano tu, kuanzia nafasi ya 70 hadi ya 74. Kipande hicho wakakiita epitopu shirikishi. Protini yenyewe ina asidi amino zaidi ya mia mbili, na tano hizo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya hatari.

Kwa nini hizo tano? Inalipa kusogea karibu. Kazi ya molekuli ya HLA ni kushika kipande cha protini na kukiinua juu ya seli ili seli T za kinga zikikague, kama mchuuzi anavyoinua sampuli ya bidhaa mteja aione. Kipande hicho hukaa kwenye mfereji, na mfereji una vishimo. Nafasi ya 71 inaangalia kwenye kishimo kimojawapo. Kwa watu wengi wenye epitopu shirikishi, hapo pamekaa lisini au arginini, asidi amino zenye chaji chanya. Sasa chukua kipande cha protini chenye arginini na ujaribu kukiingiza kwenye kishimo hicho: chanya inakutana na chanya, zinasukumana, kipande hakikai vizuri.

Lakini mwilini kuna vimeng'enya vinavyoweza kuibadilisha arginini kuwa sitrulini. Badiliko ni dogo, ila chaji inatoweka. Kipande kilekile, kikiwa na sitrulini badala ya arginini, sasa kinaingia kwenye kishimo na kutulia. Seli T zinakiona. Na kwa kuwa protini iliyogeuzwa hivi ina sura isiyo ya kawaida, zinaweza kuichukulia kama adui, zikaziamsha seli B, na seli B zikaanza kutoa kingamwili dhidi ya protini zenye sitrulini.

Kingamwili hizo ndizo zinazotafutwa kwenye kipimo cha anti-CCP ambacho daktari huandika pamoja na kile cha RF (kingamwili nyingine inayotafutwa kwenye ugonjwa huu). Takriban theluthi mbili ya wagonjwa wanazo. Na hapa pana jambo ambalo makala nyingi hulipita: epitopu shirikishi inahusiana hasa na kupata ugonjwa wenye kingamwili hizi. Kwa wagonjwa ambao anti-CCP yao ni hasi, uhusiano huo ni dhaifu mno. Utafiti mkubwa wa koo za Sweden ulionyesha pia kwamba mchango wa urithi kwa ujumla ni mdogo zaidi kwa kundi hilo. Kwa maneno mengine, jeni hii haielekei kwenye kiungo kilichovimba moja kwa moja. Inaelekea kwenye kingamwili, na kingamwili nayo ina safari yake kabla haijafika kwenye kiungo. Mimi nadhani hili ndilo jambo la kulishika kuliko majina yote ya jeni yanayofuata.

Safari hiyo inaweza kuwa ndefu. Huko Uholanzi watafiti waliwahi kurudi kwenye akiba ya damu ya watu waliokuwa wakichangia damu, ambao baadaye waliugua. Katika damu ya karibu nusu yao, kingamwili hizi au RF zilikuwepo tayari kabla ya dalili yoyote, kwa wastani miaka minne na nusu, na kwa wengine zaidi ya miaka 10. Watu walikuwa wazima, wanachangia damu, vidole havina neno.

Moshi

Sitrulini inatoka wapi kwa wingi? Kila mtu huitengeneza pale penye uvimbe mwilini. Ila sehemu mbili zinatajwa sana: mapafu na fizi. Kwenye mapafu ya mvutaji sigara, seli zina protini nyingi zilizogeuzwa hivi. Kwenye fizi zilizooza kuna bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis, mwenye kimeng'enya chake mwenyewe cha kufanya kazi hiyohiyo. Ushahidi wa sigara ni mzito. Ule wa fizi bado unabishaniwa, ingawa kupiga mswaki hakujawahi kumdhuru mtu.

Mwaka 2006 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Lars Klareskog waliwalinganisha watu kwa vitu viwili pamoja: wana nakala ngapi za epitopu shirikishi, na wamewahi kuvuta sigara au la. Aliyevuta na kubeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, alikuwa na hatari mara 21 ya kupata baridi yabisi yenye kingamwili, akilinganishwa na asiyevuta na asiye na nakala hata moja. Jeni na moshi havikujumlishana tu, kila kimoja kilikuza kingine.

Mara 21 ya ngapi? Hapo pana mtego, kwa sababu mtu wa kulinganishwa naye ni yule mwenye hatari ndogo kuliko wote, chini kabisa ya ile 1 kwa 100. Tuseme kwa mfano tu kwamba hatari yake ni 2 kwa 1,000. Mara 21 inakuwa 42 kwa 1,000. Ni kubwa, hakuna wa kubisha. Ila bado watu 958 katika kundi lililo hatarini kuliko yote hawaugui. Upande wa pili, kwenye takwimu hizohizo za Sweden, takriban theluthi moja ya wagonjwa wenye anti-CCP chanya wasingeugua kama sigara isingekuwepo. Mtu mwenye mzazi mgonjwa akiniuliza afanye nini juu ya jeni zake, ningemjibu kwa swali la sigara kwanza. Na asisubiri, kwa sababu hatari hushuka polepole baada ya kuacha, inahesabiwa kwa miaka. Vumbi la silika, lile la kukata na kuponda mawe, nalo liko kwenye orodha hii.

Jeni nyingine, na wingi wake

Baada ya HLA, iliyokuja kwa kishindo ni PTPN22, mwaka 2004. Hii hutengeneza kimeng'enya kinachosaidia kupoza seli T zinapochemka. Kuna badiliko la herufi moja ya DNA linalofanya asidi amino ya 620 iwe triptofani badala ya arginini, na kwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini badiliko hilo linakaribia kuongeza hatari maradufu. Badiliko hilohilo huongeza hatari ya kisukari cha aina ya kwanza na ya magonjwa ya tezi ya shingo yanayotokana na kinga. Ndiyo maana si ajabu kukuta ukoo ambao shangazi ana baridi yabisi, binamu ana kisukari cha utotoni, na mwingine ana tezi. Daktari akikuuliza historia ya familia, usimtajie wenye viungo peke yao. Mtajie na hao wengine.

Japani, mwaka 2003, ilionekana PADI4, na hii inapendeza kwa sababu ni jeni ya mojawapo ya vimeng'enya vinavyoigeuza arginini kuwa sitrulini. Duara linajifunga lenyewe. Kisha zikaja STAT4, TRAF1, CTLA4, TNFAIP3, IL6R na nyinginezo, kupitia uchunguzi unaopekua vinasaba vyote vya maelfu ya watu, wagonjwa na wazima, sehemu baada ya sehemu. Utafiti wa mwaka 2014 ulioongozwa na Yukinori Okada, uliohusisha watu zaidi ya 100,000 wenye asili ya Ulaya na Asia, ulifikisha sehemu 101 kwenye vinasaba zenye uhusiano na ugonjwa huu. Mwaka 2022 idadi ikafika 124, kutoka kwa watu zaidi ya 276,000 wa asili tano, Waafrika na Waarabu wakiwemo safari hii.

Lakini sehemu nyingi kati ya hizo huongeza hatari kwa asilimia 10 au 20 tu, yaani kutoka 1 kwa 100 hadi 1.1 au 1.2. Nyingi hata hazimo ndani ya jeni. Ziko pembeni, kwenye swichi zinazoamua jeni fulani ifanye kazi kiasi gani, hasa ndani ya seli T. Kichwa cha habari kinachosema "jeni ya baridi yabisi yagunduliwa" kinanifanya nifunge ukurasa. Jeni hiyo haipo.

Asili ya mtu nayo inabadilisha hesabu

PTPN22 iliyo maarufu Ulaya karibu haionekani kabisa kwa watu wa Asia ya mashariki na Waafrika. Epitopu shirikishi inaonekana kote, ila kwa kuvaa alama tofauti: kwa Wajapani na Wakorea ni hasa DRB1*04:05, kwa watu wa asili wa Marekani ni DRB1*14:02. Miongoni mwa baadhi ya hao wa mwisho, kama Wapima na Wachippewa, ugonjwa huu umewahi kurekodiwa kwa viwango vya mara kadhaa ya wastani wa dunia. Kinyume chake, uchunguzi wa watu karibu 2,000 kijijini Nigeria, uliochapishwa mwaka 1993, haukumpata mgonjwa hata mmoja, na DR4 ni adimu katika jamii hiyo.

Asitokee mtu akasema Mwafrika hapati baridi yabisi. Wagonjwa wako kwenye kliniki kote barani, na wengine wanachelewa kutambuliwa kwa sababu ya dhana hiyohiyo. Ila kuna jambo moja la kivitendo: vipimo vya mate vinavyouzwa mtandaoni, vinavyotoa alama ya hatari kwa kujumlisha jeni nyingi ndogondogo, vimejengwa zaidi juu ya takwimu za Wazungu. Mwafrika akipewa alama hiyo, anapewa kipimo kilichokatwa kwa mwili wa mwingine.

Hata kwa Mzungu mwenyewe faida ni ndogo. Epitopu shirikishi imebebwa na watu wengi mno walio wazima, kiasi kwamba kuikuta hakumwambii daktari cha kufanya, na kuikosa hakumwondolei mtu hatari. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 vya kuutambua ugonjwa huu vinahesabu viungo vilivyovimba au vinavyouma, kingamwili, vipimo vya uvimbe kwenye damu, na muda wa dalili. Jeni haimo hata moja. Mwenye ndugu mgonjwa anayeamka mikono imekakamaa kwa wiki sita hahitaji kupima jeni. Anahitaji daktari wa viungo, mapema, kwa sababu dawa zikianza kabla mfupa haujalika hufanya kazi vizuri zaidi.

Basi kazi yote hiyo ya jeni ilikuwa ya nini? Faida yake imeonekana zaidi kwenye dawa. Ukiiweka orodha ya jeni kando ya orodha ya dawa, zinagusana. IL6R ni jeni ya kipokezi ambacho tocilizumab hukiziba. CTLA4 ni protini ya kupoza seli T, na abatacept imetengenezwa kwa kipande chake.

Abatacept hiyo imejaribiwa kwa watu ambao ugonjwa ulikuwa bado njiani. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na Uholanzi, likachapishwa mwaka 2024, watu 213 wenye maumivu ya viungo lakini bila uvimbe waligawanywa: wengine walipewa dawa kwa mwaka mmoja, wengine sindano isiyo na dawa. Mwaka ulipokwisha, asilimia 6 ya waliopata dawa walikuwa wameugua, dhidi ya asilimia 29 ya wengine. Dawa ikasimamishwa. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili zilikuwa asilimia 25 dhidi ya 37, pengo limepungua kwa karibu nusu. Na watu hao 213 walichaguliwa kwa maumivu yao na kwa kingamwili zilizokutwa kwenye damu yao. Kuingia kwenye jaribio hakukuhitaji kujua mtu amerithi jeni gani.